Paka wa Angora: Uzuri Wake Nusura Umpoteze

Paka twamjua sote. Yumo jikoni akiota moto, yumo ghalani akivizia panya, na saa ya chakula yumo miguuni pa watu akilia. Manyoya yake ni mafupi, rangi yake ni ya milia au ya mabaka au nyeusi tupu, na hapana mtu ashughulikaye kuandika habari zake. Nani aandike habari za paka? Lakini, ndugu wasomaji, huko Uturuki yuko paka mmoja ambaye habari zake zimo vitabuni tangu karne ya 17. Wakuu wa Ulaya walimtafuta, wakamleta kwao kwa safari ndefu, wakampenda mno. Na kwa sababu ya kupendwa hivyo, nusura apotee. Huyo ndiye paka wa Angora.

Leo tutaeleza asili yake, umbo lake na tabia yake. Kisha tutaeleza madhara yaliyompata kwa ajili ya uzuri wake, maana ndani yake mna funzo kwa kila mtu afugaye mnyama, awe paka, mbuzi au kuku.

JINA LAKE LATOKA WAPI?

Angora ni jina la zamani la mji wa Ankara, ambao tangu mwaka 1923 ndio mji mkuu wa Uturuki. Mji huo uko katikati ya nchi, mbali na bahari, juu ya nyanda za juu zipatazo meta 900. Wakati wa kiangazi jua ni kali na nchi hukauka. Wakati wa baridi theluji huanguka, na upepo wa huko hupenya mpaka mifupani. Mnyama akaaye katika nchi ya namna hiyo, manyoya mengi kwake si pambo tu, ni blanketi.

Jambo la ajabu ni kwamba jina la mji huo wamelichukua wanyama watatu, na wote watatu wana manyoya marefu laini: paka wa Angora, sungura wa Angora, na mbuzi wa Angora. Huyu mbuzi alikuwa mali kubwa ya watu wa Ankara. Manyoya yake hung'aa kama hariri, nayo hufumwa kitambaa cha bei kubwa kiitwacho mohea. Kwa muda mrefu watawala wa Uturuki hawakutaka mbuzi hao watoke katika nchi yao. Inasimuliwa kwamba mwaka 1838, mbuzi wa kwanza walipopelekwa Afrika Kusini, madume yote yalikuwa yamekwisha hasiwa kwa siri ili yasizae. Lakini kumbe mbuzi jike mmoja aliyekuwa pamoja nao alikuwa na mimba, naye akazaa dume. Ya Mungu mengi! Leo Afrika Kusini na Lesotho zinahesabiwa kati ya nchi za kwanza duniani kwa mohea.

Mbuzi walilindwa kwa sababu walileta fedha. Paka hakulindwa na mtu. Yeye alikaa tu uani na vibarazani, akila panya wa Ankara kama paka wengine wote.

UKOO WA PAKA WOTE NI MMOJA

Kabla hatujaendelea, yafaa tuulize: paka wa nyumbani alitoka wapi? Wataalamu walilichunguza jambo hili kwa kupima chembe za urithi, yaani DNA, za paka wengi wa mwituni na wa nyumbani. Mwaka 2007 walitangaza jibu lao. Paka wote wa nyumbani ni wa ukoo wa paka pori, yule ambaye Waswahili wengine humwita kimburu. Kimburu anaonekana katika nchi nyingi za Afrika, na hata kwetu yupo, lakini wale waliozoea nyumba za watu kwanza walikuwa wa nchi za Asia ya Magharibi, huko ambako watu walianza zamani sana kulima ngano na shayiri.

Sababu yake mkulima ye yote aweza kuikisia. Palipo na ghala pana panya, na palipo na panya, paka hakosi kufika. Hakuna aliyemfunga kamba wala kumtia zizini. Alikuja mwenyewe kwa faida yake, na watu wakamwacha kwa faida yao. Katika kisiwa cha Kupro wachimbaji walifukua kaburi la mtu aliyezikwa miaka 9,500 iliyopita, na karibu naye alikuwa amelazwa paka. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Kupro ni kisiwa ambacho hakikuwa na paka wake. Basi yule paka, au wazazi wake, waliletwa na watu kwa chombo. Mtu hambebi mnyama baharini wala hamziki karibu na ndugu yake ikiwa hana thamani kwake.

MANYOYA MAREFU YALITOKEA JE?

Paka wa kwanza wote walikuwa na manyoya mafupi, kama kimburu alivyo hata leo. Manyoya marefu yalitokea baadaye. Katika mwili wa paka mna chembe moja ya urithi ambayo kazi yake ni kuuambia unywele, "Basi, umekua vya kutosha, simama." Wataalamu huiita FGF5. Paka fulani zamani alizaliwa chembe hiyo ikiwa na kasoro, haikuweza tena kusimamisha unywele. Unywele ukaendelea kukua. Jambo hili lilielezwa wazi na wataalamu mwaka 2007.

Sasa sikilizeni jinsi urithi huu unavyopita, maana ndio ufunguo wa habari zote zitakazofuata. Kila mtoto wa paka hupokea chembe mbili za namna hii, moja kwa baba na moja kwa mama. Akipokea moja nzima na moja yenye kasoro, ile nzima hufanya kazi kwa zote mbili, na manyoya yake huwa mafupi. Kwa macho huwezi kujua kwamba ndani yake amebeba urithi wa manyoya marefu. Lakini paka wawili wa namna hiyo wakikutana, katika watoto wao yapata mmoja kwa kila wanne atapokea kasoro pande zote mbili, naye atakuwa na manyoya marefu. Mwenye paka hushangaa na kusema, "Huyu mtoto ametoka wapi? Baba si hivi, mama si hivi!" Kumbe ametoka kwa babu na bibi waliosahauliwa. Na wazazi wote wawili wakiwa na manyoya marefu, watoto wao wote watakuwa nayo.

Yafikiriwa kwamba katika milima na nyanda za Uturuki, mahali ambapo paka wa kijiji hiki hawakukutana sana na wa mbali, urithi huo ulienea kidogo kidogo, na baridi ya huko haikuuzuia.

JINSI ALIVYOFIKA ULAYA

Katika karne ya 17 alikuwako msafiri mmoja wa Roma aliyeitwa Pietro della Valle. Tangu mwaka 1614 mpaka 1626 alizunguka Uturuki, Uajemi na India, akiandika barua nyingi kwa rafiki yake huko Italia. Katika barua zake alisifu paka wenye manyoya marefu laini kama hariri aliowaona Uajemi, katika jimbo la Khorasan, akakusudia kuwapeleka kwao. Wakati ule ule, huko kusini ya Ufaransa, mtaalamu mmoja jina lake Nicolas-Claude Fabri de Peiresc, aliyekufa mwaka 1637, alifuga paka wa Angora nyumbani kwake na kuwatoa zawadi kwa rafiki zake wakubwa. Paka wa Ulaya wakati huo walikuwa kama hawa wetu, wa manyoya mafupi. Kwa hiyo hao wageni walikuwa ajabu ya kutazamwa.

Katika karne ya 18 walikuwamo katika nyumba za mabwana na mabibi wa Ufaransa, wakilala juu ya mito ya hariri. Mtaalamu Buffon, aliyeandika vitabu vikubwa juu ya wanyama wote, hakumsahau paka wa Angora. Wachora picha nao walimchora.

Kisha ikaja siku ya 13 Julai 1871. Siku hiyo huko London, katika jumba la kioo liitwalo Crystal Palace, yalifanywa maonyesho makubwa ya paka. Aliyeyapanga ni Bwana Harrison Weir, mchora picha aliyependa sana paka. Watu walijaa kuja kutazama. Tangu siku ile kufuga paka wa ukoo kukawa shughuli kubwa Uingereza na baadaye Marekani: wakaweka waamuzi, wakatoa zawadi, wakafungua na madaftari ya kuandika kila paka, baba yake nani, mama yake nani, amezaliwa lini. Bwana Weir aliandika kitabu mwaka 1889, na ndani yake aliwatenga paka wa manyoya marefu kwa aina zao, akamtaja paka wa Angora peke yake na paka wa Kiajemi peke yake.

JINSI ALIVYOPOTEA

Hapa ndipo msiba ulipoanza. Paka wa Angora ni mwembamba, miguu mirefu, uso mrefu kidogo. Paka wa Kiajemi ni mnene, kichwa mviringo, miguu mifupi, manyoya mazito kama sufu. Waamuzi wa maonyesho walimpenda yule mnene. Naye mfugaji, kama mjuavyo, hufuga kile kinacholeta zawadi. Lakini manyoya ya paka wa Angora yalikuwa laini kuliko ya yule mwingine, nao waliyataka. Basi wakamchukua paka wa Angora wakamchanganya na paka wa Kiajemi, ili wapate unene wa huyu na ulaini wa yule. Watoto waliozaliwa waliitwa wa Kiajemi. Wajukuu wakaitwa wa Kiajemi. Katika vyama vingine hata majina hayo mawili yaliachwa, wakaandikwa wote "wa manyoya marefu", basi.

Hivyo karne ya 20 ilipoanza, paka wa Angora alikuwa akifutika katika madaftari ya Ulaya na Marekani. Hakuna aliyemwua. Hakufa kwa ugonjwa wala kwa njaa. Alimezwa. Kila mtu alitaka manyoya yake, na hakuna aliyemtaka yeye mwenyewe. Ndiyo maana tunasema kwamba uzuri wake nusura umpoteze.

Mtu aweza kuuliza: kuna hasara gani? Paka si paka tu? Hasara ipo. Mkulima aliyechanganya mbegu yake ya zamani na mbegu ya dukani mpaka ile ya zamani ikaisha, anajua kwamba siku akiitaka tena hawezi kuinunua mahali po pote. Kitu kilichotengenezwa na nchi na tabia ya mahali kwa miaka mingi, kikiisha, kimeisha.

WATURUKI WALIMHIFADHI

Kwa bahati njema, nyumbani kwake alikuwa bado yuko. Waturuki wenyewe walitambua kwamba paka wao anatoweka huko nje. Katika bustani ya wanyama ya Ankara, iliyokuwa katika shamba kubwa lililoanzishwa na Atatürk mwaka 1925, walitunza paka weupe wa Angora wakawazalisha wao kwa wao, bila kuwachanganya na wageni. Wengine walikuwa na macho ya buluu, wengine macho ya rangi ya kaharabu, na wengine, tazameni ajabu, jicho moja la buluu na jicho la pili la kaharabu! Waturuki huwapenda sana hao wenye macho ya rangi mbili.

Mwaka 1962 jamaa mmoja wa Kimarekani waliokuwa wakikaa Uturuki, Kanali Walter Grant na mkewe Liesa, waliwaona paka hao katika bustani ile. Waliomba wapewe, na baada ya maombi na hati nyingi wakapewa wawili, dume na jike. Majina yao yalikuwa Yildiz na Yildizcik, yaani "Nyota" na "Kinyota". Kutoka kwa hao na wengine waliofuata, paka wa Angora akaonekana tena Marekani, akaandikwa tena katika madaftari kwa jina lake mwenyewe.

Hata hivyo wafugaji wa Marekani walifanya jambo jingine la upungufu. Kwa kuwa paka wa bustani walikuwa weupe, chama kikubwa cha wafugaji wa huko kilikubali weupe tu. Mweusi, wa kijivu, wa milia, hata angekuwa wa Ankara mzaliwa wa wazaliwa, hakuandikwa. Kumbe huko Uturuki paka hawa walikuwa wa rangi nyingi tangu zamani. Ilipofika mwaka 1978 ndipo rangi nyingine zilipokubaliwa.

Miaka ikapita, wataalamu wakapata njia ya kupima urithi kwa DNA. Mwaka 2008 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha California, na wenzao wa mahali pengi, walitangaza matokeo ya kupima paka wa namna nyingi. Paka wa Angora walionekana kweli kuwa jamaa wa paka wa Uturuki na nchi za karibu. Na yule paka wa Kiajemi wa leo? Yeye alionekana kuwa jamaa wa paka wa Ulaya ya Magharibi! Jina limebaki la Uajemi, lakini damu kwa sehemu kubwa imekuwa ya Ulaya. Mtoto amebaki na jina la babu tu, sura na ukoo vimekwenda kwingine. Bila ile hifadhi ya Ankara na wale paka wa uani, na paka wa Angora angalipatwa na jambo lilo hilo.

UMBO LAKE NA TABIA YAKE

Paka wa Angora si mkubwa. Uzito wake kwa kawaida ni kilo 3 mpaka 5, na jike huwa mdogo kuliko dume. Mwili wake ni mrefu mwembamba lakini una nguvu. Miguu ya nyuma imezidi kidogo ile ya mbele. Masikio ni makubwa yamesimama juu ya kichwa, macho yana umbo la lozi yameinuka kidogo pembeni. Mkia ni mrefu, nao umejaa manyoya kama ufagio wa kifahari. Shingoni ana ukosi wa manyoya, na nyuma ya mapaja kama suruali pana.

Manyoya yake ni ya tabaka moja, hayana ile sufu nzito ya chini aliyo nayo paka wa Kiajemi. Ndiyo sababu hayasokotani sana. Kuchanwa mara moja au mbili kwa juma kwatosha, ambapo paka wa Kiajemi hana budi kuchanwa kila siku, na asipochanwa manyoya hushikamana mabonge mabonge mpaka ngozi ikaumia. Wakati wa baridi manyoya ya paka wa Angora huongezeka, na wakati wa joto hupukutika.

Tabia yake ni uchangamfu. Hapendi kulala tu. Hupanda juu ya kabati, juu ya mlango, juu ya bega la mtu. Huchezea cho chote kinachotikisika. Hujifunza kufungua mlango kwa kutazama watu wanavyofanya. Mara nyingi huchagua mtu mmoja katika nyumba akamfuata kila aendako, na mtu huyo akizungumza na wengine, paka huja kujitia katikati. Kwa kifupi, sura yake ni ya kifalme lakini matendo yake ni ya mtoto wa darasa la kwanza.

WEUPE NA UZIWI

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Tangu zamani watu walitambua kwamba paka weupe wenye macho ya buluu mara nyingi ni viziwi. Hata Charles Darwin alilitaja jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1859. Leo tunajua sababu.

Kuna urithi mmoja unaofanya paka awe mweupe mwili mzima. Urithi huo huzuia zile chembe ndogo zinazotia rangi zisifike mahali pake wakati mtoto anapoumbwa tumboni. Lakini chembe hizo hazina kazi ya rangi tu. Zinatakiwa pia ndani kabisa ya sikio, ili sikio liweze kufanya kazi. Zisipofika katika ngozi, paka huwa mweupe. Zisipofika katika jicho, jicho huwa buluu. Zisipofika katika sikio, sikio huharibika katika majuma machache ya kwanza baada ya kuzaliwa, wala haliponi tena. Katika paka weupe wenye macho yote mawili ya buluu, vipimo vimeonyesha kuwa viziwi ni kati ya 65 na 85 kwa kila 100. Wenye jicho moja la buluu ni kama 40 kwa 100, na mara nyingi sikio lililokufa ni la upande wa jicho la buluu. Wasio na jicho la buluu ni yapata 20 kwa 100. Wasio weupe hawana shida hiyo ya urithi.

Tena jambo hili si la paka wa Angora peke yake. Ni la kila paka mweupe, hata wa kijijini asiye na jina la ukoo. Ukiwa na paka mweupe usiyemwelewa, anayelala ukimwita, asiyeamka mlango ukigongwa, usimpige ukisema ni mkaidi. Jaribu hivi: akiwa amekupa mgongo, piga makofi kwa mbali, bila upepo wala mtikisiko kumfikia. Masikio yakitikisika, anasikia, walau kwa sikio moja. Yasipotikisika hata kidogo, huenda ni kiziwi. Paka kiziwi aweza kuishi vizuri, maana pua na macho yake ni mazima, na nyayo zake hutambua mtikisiko wa ardhi. Ukitaka kumwita, gonga sakafu kwa mguu. Lakini hasikii mbwa anayemjia kwa nyuma, wala gari barabarani. Na paka jike kiziwi pengine hasikii watoto wake wakilia, kwa hiyo awekwe karibu nao.

Kitu cha pili ni jua. Ngozi isiyo na rangi haina kinga, na masikio na pua za paka mweupe huunguzwa na jua. Kwanza ncha za masikio huwa nyekundu, kisha hutoka magamba, kisha kidonda kisichopona. Kidonda hicho chaweza kuwa kansa ya ngozi. Katika nchi zenye jua kali kama zetu hatari ni kubwa zaidi. Paka mweupe atafutiwe kivuli saa za adhuhuri, na ukiona kidonda cha namna hiyo, mpeleke kwa bwana mifugo mapema, usingoje.

Haya, fikirini sasa. Wafugaji waliosema kwa miaka mingi kwamba paka wa Angora wa kweli ni mweupe tu, na aliye bora ni mwenye macho ya buluu, walikuwa wakichagua uziwi bila kuutaja kwa jina. Walitazama kwa macho, lakini mnyama ndiye aliyelipa kwa masikio. Mfugaji mwenye busara leo hupima kwanza masikio ya weupe wake, hazalishi walio viziwi, na hupandisha weupe na wa rangi.

NDUGU YAKE WA KIAJEMI

Na yule paka wa Kiajemi aliyeshinda zawadi, je, alipata heri? Tazameni. Waamuzi walipenda uso mfupi. Wafugaji wakafupisha. Mwaka uliofuata wakapenda mfupi zaidi. Mwishowe walipatikana paka ambao pua imeingia katikati ya macho, uso umekuwa bapa kama sahani. Wengi wao hupumua kwa shida, machozi huwatiririka daima kwa kuwa mfereji wa machozi umejipinda, meno hayakutani, na hata kuzaa huwa kwa taabu kwa ajili ya vichwa vikubwa vya watoto.

Tena katika ukoo wao uliingia ugonjwa wa figo. Figo hujaa vifuko vya maji vinavyokua pole pole mpaka zikashindwa kazi, na paka hufa. Ugonjwa huu wa urithi ulipopimwa katika nchi mbalimbali, ilionekana kwamba paka theluthi moja ya paka wa Kiajemi, na mahali pengine zaidi, walikuwa nao. Mtoto akipokea urithi huo hata kwa mzazi mmoja tu, ataugua. Mwaka 2004 wataalamu waliivumbua chembe yenyewe, na tangu hapo paka aweza kupimwa kabla hajazaa. Wafugaji waliokubali kupima wamepunguza ugonjwa huo sana. Kwa hiyo ubaya ulioletwa na watu kwa kuchagua vibaya, waweza kupunguzwa na watu kwa kuchagua vizuri.

TUJIFUNZE NINI?

Ndugu wasomaji, wachache katika sisi watamwona paka wa Angora kwa macho. Lakini kila mmoja wetu ni mfugaji, walau wa kuku watatu. Na kila mfugaji huchagua, hata asipojua kwamba anachagua. Ukimchinja jogoo huyu ukamwacha yule, umeamua vifaranga vya mwakani watakuwa wa namna gani. Ukimwuza beberu mwenye nguvu kwa kuwa bei yake ni nzuri, ukamwacha dhaifu apande mbuzi wako, umeamua hali ya zizi lako.

Basi tukumbuke mambo matatu. La kwanza, usichague kwa macho peke yake. Rangi nzuri na umbo la ajabu si uzima. Tazama kama mnyama anasikia, anapumua, anakula, anazaa bila taabu na kulea watoto wake. La pili, jamaa wa karibu wasizalishwe wao kwa wao kizazi baada ya kizazi, maana kasoro zilizojificha hukutana, kama tulivyoona katika manyoya marefu. Manyoya hayadhuru, lakini kasoro nyingine zinaua. La tatu, usidharau mnyama wa kwenu kwa kuwa hana jina. Paka wa Angora alikuwa paka wa uani tu mpaka wageni walipomsifu, na hao waliomsifu ndio waliommeza. Aliyemwokoa ni yule aliyekaa naye tangu mwanzo akasema, "Huyu ni wetu, na akae kama alivyo."

Na yule paka wako wa milia, aliyelala sasa hivi karibu na mafiga? Yeye naye ni wa ukoo ule ule wa miaka 9,500. Hakuna aliyempa zawadi London, lakini pua yake imekaa mahali pake, masikio yake yanasikia panya akitembea juu ya dari, na watoto wake huzaliwa usiku bila mtu kuamshwa. Mpe maji safi, mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa siku bwana mifugo anapopita kijijini, na umwache aendelee na kazi yake.